Kamba ya Pima Thelathini

Profesa alijitoa Jumanne asubuhi kwa barua ya mistari minne, na kikao kilikuwa Alhamisi. Barua ilisema kwamba, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, hataweza tena kutoa ushahidi. Sababu zenyewe hazikuwa za kutafutwa kwa tochi. Siku tatu kabla, kampuni ileile aliyokuwa aje kutoa ushahidi dhidi yake ilikuwa imempa ajira, na pamoja na ajira ofisi yenye zulia na kitambulisho chenye picha yake akitabasamu hadi magego. Ndivyo udhuru wa wasomi unavyokuja siku hizi, umepigwa pasi kabisa.

Aliyeachwa kwenye mataa alikuwa wakili wa serikali, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye nyumbani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kifungu. Tangu aanze kusoma sheria, ukimwomba akusogezee chumvi anakuuliza kwa mujibu wa kifungu gani, na utani huo ukamganda mpaka mama yake mzazi akasahau kwamba ulikuwa utani. Kazi yake ilikuwa katika Ofisi ya Uangalizi wa Maji ya Mwezini: vyumba vitatu juu ya duka la magodoro, ngazi sitini na mbili, na lifti iliyoandikwa "matengenezo" tangu enzi za mkuu wa ofisi aliyepita.

Watu wakisikia jina la ofisi hiyo hucheka. Wacheke tu. Kwa miaka sita sasa kulikuwa na watu wanaoishi mwezini, kwenye ncha yake ya kusini, na waliishi huko kwa sababu ya maji. Huko kuna mashimo makubwa ambayo chini yake jua halifiki kamwe, na humo gizani imelala barafu ya kale. Ukiiyeyusha, unakunywa. Ukiitenganisha, unapata hewa ya kuvuta na mafuta ya kurushia vyombo. Sheria ya anga inasema mwezi si mali ya mtu wala ya nchi, na anayechukua kitu huko achukue kwa kiasi, akijua kuna watakaokuja baada yake. Sheria nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba lazima awepo mtu wa kuisimamia, na msimamizi mwenyewe ndiye huyo aliyepanga juu ya magodoro.

Kampuni ilikuwa imechimba barafu katika Shimo la Kwanza kwa miaka minne. Sasa ilitaka leseni ya Shimo la Pili, la jirani, ambalo halijaguswa na mtu. Kanuni ilikuwa moja: hupewi shimo jipya mpaka uonyeshe kwamba la zamani umelitumia kwa uangalifu. Kampuni ikaleta vitabu vya takwimu, vinene kama matofali, vikisema kwamba katika barafu yote ya Shimo la Kwanza imetumia asilimia mbili tu. Kifungu hakuziamini takwimu hizo hata siku moja. Lakini kutoamini si ushahidi, na takwimu nyingine hazikuwepo, kwa kuwa aliyepima ni kampuni, aliyeandika ni kampuni na aliyegonga muhuri ni kampuni. Bila shahidi mtaalamu wa kuzipinga, Baraza la Leseni lingekubali Alhamisi hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana. Na mwezini hakunyeshi mvua. Shimo likishakombwa, hakuna wa kulijaza tena. Wazo hilo lilikuwa limemkosesha Kifungu raha kwa miaka mitatu.

"Omba tuahirishiwe," alisema mkuu wa ofisi, mtu mpole aliyeogopa hata simu ikilia.

"Nimeshaomba. Wamekataa."

"Basi tupeleke barua ya masikitiko."

Kifungu alikuwa amefungua kitabu cha kanuni za Baraza, kidole kikifuata mistari. Kanuni ya kumi na tisa: shahidi mtaalamu ni mtu yeyote mwenye uzoefu usiopungua miaka ishirini katika uchimbaji na upimaji wa vyanzo vya maji. Akaisoma mara tatu, kisha akainua kichwa taratibu.

"Mkuu, hii kanuni haijasema maji ya wapi."

"Ya mwezini, bila shaka."

"Nionyeshe palipoandikwa mwezini."

Mkuu akavaa miwani, akasoma, akaivua, akaipangusa kwa tai, akasoma tena. "Sasa nani ana miaka ishirini ya kuchimba maji na ana nafasi Alhamisi?"

"Namjua mmoja ana arobaini na miwili," alisema Kifungu. "Na ana nafasi tangu mabomba yalipoingia mjini."

Baba yake Kifungu alikuwa fundi wa visima. Alianza akiwa kijana, akachimba na kupima visima vya watu mpaka mabomba yalipofika kila nyumba, na baada ya hapo kazi yake kubwa ikawa kubishana na redio. Katika vifaa vyake vyote alibakiwa na kimoja, kamba ya kupimia kina. Ilikuwa na urefu wa pima thelathini, fundo kwa kila pima, na jiwe lenye tundu limefungwa kwenye ncha. Pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya vidole vya kulia mpaka ya vidole vya kushoto, na mikono iliyoipima kamba hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Siku aliyostaafu, mkewe aliitazama ile kamba, akautazama uwanja wa nyuma, akalikata lile jiwe akalifanya la kuzuilia mlango wa jikoni, na kamba akaitundika kuanikia nguo. Baba alinuna wiki nzima. Mafundo, mama alisema, yanafaa sana, nguo haziserereki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umewahi? Wamekufukuza?"

Kifungu akamweleza yote, akiwa amesimama palepale mlangoni na mkoba begani. Baba akapunguza sauti ya redio, heshima ambayo hakuwapa wageni wengi.

"Mwezini mimi sijafika," alisema.

"Hata profesa hajafika, baba. Katika kikao kile hakuna hata mmoja aliyefika."

"Basi tutakuwa sawa." Akafikiri kidogo. "Hiyo kampuni kisima chake kina hali gani?"

"Wanasema kimejaa."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, miaka arobaini na miwili sijakutana na mwenye kisima aliyesema kisima chake kinakauka."

Jumatano mchana Kifungu aliomba ruhusa, akaleta faili nyumbani, kurasa mia tatu na arobaini, akaliweka mezani mbele ya baba yake. Mpango wake ulikuwa mfupi. Angemuuliza maswali matatu, naye angejibu majibu matatu mafupi, kisha angekaa chini kabla hajaanza hadithi. Alimjua baba yake. Ukimuuliza saa, atakuanzia na historia ya aliyemuuzia hiyo saa.

"Swali la tatu nitakuuliza hivi: je, takwimu za mwenye chanzo cha maji zinatosha peke yake kujua hali ya chanzo hicho? Utasema 'hapana'. Basi."

"Hapana," alisema baba kwa utiifu, huku akifungua faili. Alikuwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. "Kamba yao iko wapi?"

"Kamba gani?"

"Fundi akiitwa kwenye kisima haulizi maji ni kiasi gani. Anasema, nileteeni kamba yenu. Anaitazama. Imeloa mpaka wapi, imeungwa mara ngapi, kipande kipya kiko wapi. Kisima hakina mdomo. Inayosema ni kamba."

"Baba, kule hakuna kamba wala ndoo. Kuna mashine."

"Na hiyo mashine inashukaje shimoni? Inaruka?"

"Inashushwa kwa waya wa chuma."

"Waya wa chuma," alisema baba, "ni kamba iliyopata pesa."

Ili apate nafasi ya kuandika hotuba yake kwa utulivu, Kifungu akamchomolea kiambatisho cha mwisho, orodha ya vifaa ambayo kampuni ilitakiwa kuiambatanisha na maombi na ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisoma, akampa kama mtu anavyompa mtoto sufuria achezee. Baba akatulia nayo saa nzima, akilamba kidole na kugeuza kurasa. Kifungu akashukuru kwa ukimya huo, wala hakumuuliza ameona nini. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Tumsamehe, alikuwa na mengi kichwani.

Alhamisi asubuhi alimkuta baba yake mlangoni amevaa suti ya harusi ya mdogo wake Kifungu, mabega yamepwaya, viatu vinang'aa, na kamba yote ya pima thelathini ameiviringisha begani. Nyuma yake mama alikuwa ameshika beseni la nguo zilizofuliwa.

"Kifungu, mwambie baba yako," alisema mama. "Nguo zangu nianike kwenye pua?"

"Baba, kamba hatuihitaji. Maswali matatu tu."

"Daktari huenda kazini bila kile chombo cha shingoni?"

Hakukuwa na muda wa kubishana. Wakafika kwenye jengo la Baraza, na mlinzi wa mapokezi akaitazama ile kamba kwa muda mrefu, akatafuta kwenye orodha yake ya vitu vilivyokatazwa, hakuikuta. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu mgeni alikuwa nayo begani, akapita.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili, viti vya plastiki vya bluu, kipaza sauti kilichopiga mluzi kila kikiguswa. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa mama mmoja mwenye shali, hakimu mstaafu, ambaye chupa yake ya chai ilisimama mezani kando ya nyundo na ilitumika zaidi kuliko nyundo. Upande wa kampuni alikaa wakili ambaye makarani walimwita Viatu, kwa kuwa viatu vyake vya bei mbaya vililia kila alipopiga hatua. Safu ya nyuma yake walikaa watu wa kampuni, na pembeni kabisa profesa, akiisoma dari.

"Shahidi huyu ni nani wako, wakili?" aliuliza Mwenyekiti. "Naona mmefanana pua."

"Ni baba yangu mzazi, Mheshimiwa. Nimeeleza kwenye fomu, ukurasa wa kwanza. Kanuni haikatazi, mradi uhusiano umetajwa."

"Haikatazi kweli," alisema Mwenyekiti baada ya kusoma. "Karibu, mzee wangu."

Maswali matatu yakapita kama maji. Miaka arobaini na miwili. Visima mia mbili na kumi na kimoja. Hapana. Kifungu akaketi, moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na hapo hapo viatu vya Viatu vikaanza kulia.

"Mzee," alisema Viatu kwa sauti tamu, "wateja wangu wana vitabu vya kila siku, kila saa, kwa miaka minne. Unajua wanavyosema: mali bila daftari hupotea bila habari."

"Daftari nimeliona, baba," alisema fundi. "Mali ndiyo sijaiona."

Ukumbi ukacheka. Viatu akacheka nao, lakini kwa meno tu.

"Na wewe kipimo chako ni hicho hapo begani?"

"Ndicho."

"Kina vipimo gani?"

"Pima thelathini. Kila fundo pima moja."

"Pima ndiyo nini, kisayansi?"

"Mikono yangu," alisema fundi, akainyoosha yote miwili, na mikono ya suti ikampanda hadi karibu na viwiko.

Viatu akageuka kwa Mwenyekiti. Aliomba shahidi apimwe, na kamba ipimwe, ili Baraza lione lenyewe utaalamu ulioletwa mbele yake. Kifungu akasimama kupinga. Mwenyekiti akamimina chai, akasema hata yeye angependa kuona. Karani, ambaye jioni hushona nguo nyumbani, akatoa mkobani tepu ya fundi cherehani. Akapima kutoka fundo hadi fundo, mara tatu mahali tofauti. Sentimita mia moja sabini na sita, kila mara. Kisha akamwendea fundi, ambaye alisimama katikati ya ukumbi amenyoosha mikono kama nguo kwenye kamba, akampima kutoka kidole hadi kidole. Akapima tena. Akasita.

"Mia moja sitini na tisa," alisema karani.

"Sentimita saba!" Viatu alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota pochi. "Kwa kila fundo, sentimita saba za uongo! Mara thelathini, Mheshimiwa, ni zaidi ya mita mbili. Huyu ndiye mtaalamu wanayetaka azipinge kompyuta zetu."

Kifungu alitamani sakafu ipasuke. Aliona miaka mitatu ya kazi ikiyeyuka mbele ya macho yake, na kibaya zaidi aliona watu wakimcheka baba yake, aliyebaki amesimama na mikono imenyooshwa, akiitazama kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Fundi akaishusha mikono.

"Kamba haina kosa," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua, na kipaza sauti safari hii hakikupiga mluzi. "Nilifunga mafundo hayo nikiwa na miaka ishirini na sita. Sasa nina sabini na mmoja. Kamba iko palepale. Mimi ndiye niliyepungua."

Wachache walicheka. Mwenyekiti hakucheka, na nao wakanyamaza.

"Na sikujua, Mheshimiwa. Nasema kweli, nimejua sasa hivi, mlivyonipima. Kila asubuhi najitazama kwenye kioo, naona niko vilevile. Mke wangu ananitazama kila siku, hajasema. Binti yangu huyu hapa, msomi, hajasema. Ndivyo kisima kinavyopungua. Mwenyewe anakitazama kila siku, anaapa kimejaa, na wala hasemi uongo. Haoni tu. Kwa hiyo sisi mafundi hatumuulizi yeye. Tunaiuliza kamba, kwa sababu kamba haizeeki pamoja naye."

"Endelea, mzee wangu," alisema Mwenyekiti. Chai yake ilikuwa inapoa.

"Basi na mimi jana niliuliza kamba yao. Binti yangu akanipa karatasi nichezee." Akamtazama Kifungu kwa jicho la utani, akatoa mfukoni kipande cha gazeti alichokuwa ameandikia pembeni. "Kiambatisho cha mwisho. Mwaka wa kwanza waliagiza waya wa kushushia mashine, mita themanini. Mwaka wa pili, mita mia moja na hamsini. Wa tatu, mia mbili na sitini. Mwaka huu, mia nne na ishirini. Mashine ni ileile, shimo ni lilelile. Mimi nauliza swali la fundi tu. Kama barafu bado imejaa, asilimia tisini na nane, kamba ndefu yote hii ya nini?"

Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba lori lililokuwa likirudi nyuma barabarani lilisikika likipiga vipenga vyake vyote. Kifungu alikuwa ameshakifungua kiambatisho, na kidole chake kilikuwa juu ya namba: themanini, mia na hamsini, mia mbili na sitini, mia nne na ishirini. Zilikuwa kwenye faili lake kwa miezi saba. Alizipita kila mara akienda kwenye takwimu.

"Ni utafiti," alisema Viatu haraka. "Wateja wangu wanatafuta barafu zaidi huko chini."

"Barafu ipo miguuni pako, unairuka, unakwenda kuitafuta mita mia nne?" aliuliza fundi. "Mke wangu akinituma chumvi duka la jirani nikaenda soko la mji wa pili, atajua duka la jirani limefungwa."

Mwenyekiti aliinua mkono kuzuia kicheko, akaangalia safu ya nyuma ya kampuni. "Kuna mhandisi hapo?"

Akasimama binti mmoja kijana mwenye koti la kazi. Viatu akamtolea macho. Binti alimwangalia Viatu, akamwangalia profesa, kisha akamwangalia fundi aliyebaki amesimama na kamba yake, na macho yake yakaishia hapo.

"Ya karibu imekwisha, Mheshimiwa," alisema. "Mashine ikichimba inapata joto. Barafu iliyo pembeni inageuka mvuke, inapotelea angani. Tukichimba ndoo moja, ndoo kumi zinapotea. Vitabu havisemi uongo, vinahesabu inayoingia kwenye tangi. Inayopotea hatujawahi kuihesabu, kwa sababu hakuna aliyetuuliza."

"Ndoo imetoboka," alisema fundi, akitikisa kichwa kwa huruma ya kitaalamu. "Wanahesabu maji yaliyofika nyumbani."

"Hiyo mashine inaweza kutengenezwa isipate joto?" aliuliza Mwenyekiti.

"Inaweza. Ni kazi ya miaka miwili hivi. Nilishaandika pendekezo." Binti akamtazama Viatu tena, na safari hii hakuogopa. "Mara tatu."

Baraza lilitoka kwa dakika ishirini, likarudi. Mwenyekiti akasoma uamuzi akiwa amesimama. Shimo la Pili litabaki limefungwa. Kampuni itatengeneza mashine yake kwanza, na Shimo la Kwanza litapimwa upya na watu wasiolipwa na kampuni. Na kuanzia siku hiyo kila mwenye leseni, kampuni yoyote, nchi yoyote, ataripoti kila mwezi si barafu aliyochukua peke yake, bali pia urefu wa waya alioufikisha. Akafunga faili, akaongeza, bila kusoma popote, kwamba kanuni hiyo itaitwa Kanuni ya Kamba. Nyundo ikagonga, na chupa ya chai ikaanguka.

Mkuu wa ofisi, yule aogopaye simu, aliyekuwa amejibana kiti cha mwisho, alimkumbatia karani kwa makosa. Kifungu alipiga yowe moja ambalo halikuwa na kifungu chochote cha kulihalalisha. Profesa alishatoka.

Baba alikuwa anaviringisha kamba yake begani pale karani alipomzuia kwa adabu.

"Samahani, mzee. Hiyo sasa ni kielelezo namba saba."

"Ni ya kwangu."

"Ni yako, lakini inakaa stoo ya Baraza mpaka muda wa rufaa upite."

"Muda gani?"

"Miaka kumi."

Fundi akageuka kwa binti yake. "Kifungu, wewe ndiye utakayemwambia mama yako. Mimi nimeshatoa ushahidi wangu."

Mama alipokea habari akiwa amekaa kwenye kizingiti, beseni la nguo liko palepale alipoliacha asubuhi. Alisikiliza mambo ya shimo, waya, mvuke na Kanuni ya Kamba mpaka mwisho, na macho yakamng'aa aliposikia jinsi ukumbi ulivyonyamaza. Halafu akauliza alichokuwa akingoja kuuliza.

"Kwa hiyo mwezi umepata kamba. Na mimi?"

Jumamosi asubuhi baba alikwenda duka la vifaa vya ujenzi akarudi na kamba mpya, nyeupe, inanukia plastiki. Akakaa uwanjani kwenye kigoda kufunga mafundo. Kifungu alitoka na kikombe chake akasimama kumtazama. Baba akashika ncha ya kamba, akainyoosha mikono, akaikaza, mishipa ya shingo ikamtoka. Mkono wa kushoto ulifika mahali ukagoma, kiwiko kimekunjika kidogo. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akaishusha, akacheka peke yake.

Kifungu akajua ameishi na kiwiko hicho kilichokunjika kwa miaka, mezani, mlangoni, mbele ya redio, wala hakukiona. Aliweka kikombe chini ya dirisha asije akakidondosha.

"Njoo hapa, Wakili," alisema baba. "Simama. Nyoosha mikono yako wewe."

"Mimi si fundi, baba."

"Kanuni inataka mikono isiyopungua, haijataka fundi. Nyoosha."

Akanyoosha. Baba akapitisha kamba kifuani kwake kutoka kidole hadi kidole, akaikaza, akaminya mahali pa fundo kwa kidole gumba, akamwonyesha namna ya kulifunga. La kwanza lilikaa vibaya, akalifungua, akamwambia arudie. La pili lilikaa. Walipofika fundo la kumi na tisa mabega ya Kifungu yalikuwa yanawaka moto, na mama, aliyechoka kungoja, alikuwa ameshaifunga ncha ya kwanza kwenye nondo za dirisha la jikoni na kuanza kuanika.

"Hii sasa pima yake ni ya nani?" aliuliza mama, akibana shuka kwenye fundo la tatu.

"Ya Kifungu," alisema baba. "Na wewe, mwanangu, ukifika miaka sabini na mmoja, uje ujipime hapa."

"Na wewe je, nani atakupima?"

Baba akafikiri. "Utanipima wewe. Kila mwezi, si ndiyo sheria mpya?"

Kifungu akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema hiyo ni kwa mujibu wa Kanuni ya Kamba, akanyoosha mikono tena kwa fundo la ishirini.